Dereva Anayevuta Kulia

"Dereva wangu amechoka," alisema Mama Shuka kwenye simu, na huyo aliyetajwa alikuwa hapo hapo nje ya dirisha, amekumbatia furushi la mataulo ya hoteli.

Haya, ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungeendelea kupakia mataulo? Dereva hakuweza. Aliliweka furushi chini taratibu, akajibanza ukutani, akatega sikio. Ndani ya kiwanda mashine za kufulia zilikuwa zinanguruma, pasi za mvuke zinapumua, redio ya wapiga pasi inajiimbia peke yake, lakini maneno ya bosi yalimfikia moja moja, hata moja halikupotea njia.

"Sana tu," Mama Shuka aliendelea. "Zamani alikuwa ananyooka, unamwachia na roho yako imetulia. Siku hizi anavuta kulia. Kila nikimwachia, kulia. Na kukiwa na upepo ndiyo usiseme, anapinduka kabisa." Akacheka kidogo. "Nampenda, ndiyo. Tumetoka mbali mimi na yeye. Lakini siwezi kuendelea kubembelezana naye. Nitafutie mwingine wa aina yake, ila ambaye hajachoka. Huyu? Aa, simtupi. Nitamtundika ukutani pale ofisini."

Dereva aliujua ule ukuta. Ulikuwa na picha za mfuaji wa kwanza wa kiwanda, za mlinzi wa zamani, na ya marehemu mume wa Mama Shuka, zote kwenye fremu za mbao. Mtu alitundikwa pale kwa sababu mbili tu, kustaafu au kufa, na yeye hakuwa amejiandaa kwa lolote kati ya hayo.

Na msiseme labda bosi alikuwa anamsema mtu mwingine. Kiwanda kile cha kufulia kilikuwa na gari moja na dereva mmoja. Jina lake alilopewa na wazazi lilikuwa limesahaulika siku nyingi. Wafuaji, wapiga pasi, wapokezi wa hotelini, hata mama mkwe wake, wote walimwita Dereva. Asubuhi alipeleka mashuka safi, mchana alirudisha machafu, na katikati ya hayo alimpeleka Mama Shuka kokote alikotaka, kwa sababu mama mwenyewe alijaribu kuendesha mara moja katika maisha yake, akaangusha geti, akaapa hatarudia.

Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa kusemwa. Kilichomuuma ni kwamba alisemwa kwa haki. Ni kweli, alikuwa anavuta kulia.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Mwanzoni alidhani ni vumbi la barabarani, akanawa. Kisha akadhani ni usingizi, akalala. Ukungu ukabaki pale pale, na kila mwezi ukawa mzito zaidi, mpaka upande wote wa kushoto ukawa kama umepigwa pazia la bafuni. Kwa hiyo alijifunza kuukwepa. Asichokiona alikikimbia, na kukikimbia maana yake ni kwenda kulia. Hakumwambia bosi, hakumwambia daktari, hakumwambia hata mkewe. Dereva asiye na jicho ni nani? Kazi nyingine hakuijua, na umri wa kuanza kujifunza nyingine aliona umempita.

"Lakini kupinduka!" alinong'ona pale ukutani, hasira zimempanda. "Lini nilipinduka mimi? Hapo nimesingiziwa."

Alilibeba furushi lake, akalitupa garini, akaenda moja kwa moja kwa Dada wa Pasi. Huyu alikuwa mkuu wa wapiga pasi, mwanamke mwenye mikono ya nguvu na masikio ya nguvu zaidi. Hakuna lililotokea kiwandani bila kupita kwake, na likishapita kwake lilitoka likiwa limenenepa.

"Dada," Dereva alianza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "mama hajasema lolote kuhusu gari?"

"Gari hapana." Dada wa Pasi aliinua pasi, akamwangalia. "Lakini kuhusu dereva, amesema."

"Amesema nini?"

"Mimi sipendi umbeya, kaka."

"Najua hupendi. Amesema nini?"

Dada wa Pasi aliiweka pasi kwenye kisimamio chake, ishara kwamba habari ilikuwa nzito. "Nilimpelekea chai ofisini nikamkuta kwenye simu. Anasema, ukimpata mlete Jumamosi nimjaribu, nikiridhika naye nambeba siku hiyo hiyo. Mimi nikaweka chai, nikatoka. Nikasema moyoni, jamani, na huyu wetu atapelekwa wapi?"

"Amjaribu Jumamosi?"

"Jumamosi. Kule kule anakoenda kurusha visahani vyake."

Hapa niwaeleze mapema, msije mkanisumbua baadaye. Mama Shuka, tangu afiwe na mume, alikuwa amejiunga na klabu ya watu waliokuwa wakikutana kila Jumamosi kwenye bustani kubwa pembeni ya mji, wakirusha visahani vya plastiki. Kisahani kinarushwa, kinaruka, kinatua, unakifuata, unakirusha tena, mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Basi. Huo ndio mchezo wote. Dereva alikuwa akimpeleka, anaegesha chini ya kivuli, anashusha kiti, anavuta usingizi mpaka arudi. Hakuwahi hata siku moja kushuka kutazama. Aliona ni utoto, watu wazima na akili zao kutupa sahani na kuikimbilia, ila kwa heshima ya mama hakusema.

Sasa alianza kuiona ile bustani kwa jicho jingine, tena lile zima. Kumbe huko ndiko mambo yanakopangwa! Mbali na kiwanda, mbali na wafanyakazi, mtu anajifanya amekwenda mchezoni kumbe amekwenda kufanya usaili.

Kesho yake akiwa anampeleka mama benki, simu ililia tena. Dereva alizima redio, akajifanya anasikiliza injini.

"Mwenyekiti!" Mama Shuka alisema kwa furaha. Mwenyekiti huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa klabu ya visahani, Dereva aliwahi kumwona, mzee wa ndevu nyingi na kofia pana. "Niambie, umempata? Huyu wangu alikuwa mia na sabini na tano. Nimemzoea huyo huyo wa mia na sabini na tano... Hapana, mpya kabisa simtaki. Wapya ni wagumu, hawasikii. Nataka aliyekwisha kutumika kidogo, amelainika... Rangi yoyote, mradi akiingia vichakani nimwone."

Dereva masikio yalimwaka moto. Mia na sabini na tano! Watu wanapimwa urefu siku hizi kama milango? Na la vichakani ndilo lilimmaliza. Wiki iliyopita aliegesha kando ya barabara, akaingia vichakani mara moja kwa haja ndogo, akidhani mama anasoma ujumbe wake kule nyuma. Kumbe alikuwa anahesabiwa makosa.

"Sawa," alijisemea, "navuta kulia? Nitakuonyesha."

Akaanza kuvuta kushoto. Akalisogeza gari kule kwenye pazia, kule asikokuona, akiliongoza kwa kubahatisha na kwa kiburi. Mjinga! Nasema mjinga na ninampenda, lakini mjinga. Alikuwa amekwenda kipande kifupi tu aliposikia kelele, mtu anapiga mayowe karibu kabisa na mlango, na kengele ya baiskeli inalia kama imeshikwa na wazimu. Akakata usukani kulia kwa nguvu. Kwenye kioo cha ndani aliona kwa mbali mwenye baiskeli amesimama kwenye mtaro, trei za mayai zimefungwa nyuma yake, ngumi iko juu.

"Nini?" Mama Shuka aliuliza, simu bado iko sikioni.

"Shimo, mama."

"Hii barabara nayo," alisema Mama Shuka, akarudi kwenye maongezi yake.

Dereva aliendesha polepole mpaka benki. Alijua vizuri sana kwamba halikuwa shimo. Alijua pia kwamba angeigonga ile baiskeli bila hata kuiona, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko kufukuzwa. Lakini hofu ya mtu ina ujanja wake: badala ya kumwambia aache usukani, ilimwambia afiche zaidi.

Jioni ile alifika nyumbani, akasimama mgongo kwenye fremu ya mlango. "Mama watoto," alimwita mkewe, "lete futi yako."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, anafanyia kazi sebuleni, nguo za watu zimejaa kwenye kochi mpaka wageni walikaa kwenye ndoo. Alikuja na futi shingoni, pini mdomoni.

"Unataka nini?"

"Nipime urefu."

Mke alizitoa pini mdomoni moja moja. "Urefu wa nini?"

"Wangu. Kutoka chini mpaka juu."

Alimpima, akimtazama usoni badala ya kutazama futi. "Mia na sabini na tatu."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia."

"Ongeza."

"Niongeze wapi, nikuvute shingo?" Mke aliikunja futi. "Sikiliza, baba watoto. Mimi nimewapima wanaume wengi kuliko unavyojua. Mwanaume anapimwa kiuno, anapimwa kifua, anapimwa mguu. Mwanaume haombi kupimwa urefu isipokuwa kuna mtu amemwambia ni mfupi. Ni nani huyo? Ana jina?"

"Si mwanamke."

"Sikusema mwanamke. Umesema wewe."

Ikabidi aseme, maana mke wake akianza kushuku hali wala halali. Akamweleza yote ya simu, kuchoka, kulia, ukutani, mia na sabini na tano, Jumamosi. Mke alisikiliza, akakaa juu ya rundo la mashati ya watu.

"Anasema unavuta kulia."

"Anasema."

"Na unavuta?"

"Hapana!"

Mke alinyoosha kola ya shati moja. "Chai nikikuwekea kushoto," alisema, "kwa nini unaipapasa?"

"Naipapasa lini?"

"Kila siku. Mpaka nimeanza kuiweka kulia, nikasema labda ni mazoea tu. Kuna kitu unanificha."

"Hakuna kitu," alisema Dereva, na hapo hapo akaona aibu imempanda mpaka kwenye masikio. Yeye na mkewe hawakuwa watu wa kufichana. Siku ile ikawa mara yake ya kwanza kumdanganya mkewe akiwa anamtazama machoni, tena kwa jicho lile lile analolificha.

"Basi kamuulize bosi wako," mke alisema, akasimama. "Fungua mdomo, sema, mama, unanitoa? Akisema ndiyo, njoo nyumbani. Akisema hapana, njoo nyumbani. Lakini usikae unapima watu na fremu za milango."

Shauri zuri, na angelifuata tungekuwa tumemaliza. Lakini Dereva aliliona ni shauri la mtu ambaye hajawahi kufukuzwa. Kumuuliza bosi ni kumkumbusha. Yeye aliamua atamfumania.

Jumamosi ilifika. Njiani kwenda bustanini Mama Shuka alikuwa na furaha isiyo ya kawaida, anaimba imba, begi lake la visahani liko mapajani. Dereva alimtazama kwenye kioo akasema moyoni, tazama mtu anavyofurahia kumwaga mwenzake. Alipoegesha hakushusha kiti. Alisubiri mama atangulie, akafunga milango, akamfuata kwa nyuma akipita mti kwa mti.

Bustani ilikuwa kubwa, nyasi zimekatwa njia njia, na kila baada ya mwendo kidogo kikapu cha chuma kimesimama juu ya mlingoti wake. Watu walikuwa wametawanyika, wanarusha na kucheka. Mama Shuka alikwenda mpaka kwenye benchi la zege nyuma ya vyoo, ambako Mwenyekiti alikuwa amekaa na begi lake. Dereva akajibana nyuma ya ukuta wa vyoo. Harufu haikuwa nzuri, lakini sauti zilifika.

"Umemleta?" Mama Shuka aliuliza.

"Nimemleta," Mwenyekiti alijibu. "Na nakwambia ukweli, kumwachia kunaniuma. Huyu nimemfundisha mimi mwenyewe. Hana matata, hana papara. Unamwachia, anakwenda, anakwenda, halafu mwishoni anatua kwa adabu."

"Havuti?"

"Kidogo mwishoni, kushoto, kama ilivyo tabia ya wazima wote. Kulia haendi kabisa."

"Na yule wangu?"

"Dada yangu, yule mwache apumzike. Umemgonga kwenye miti mara ngapi? Amechoka, basi. Unachomfanyia sasa ni kumtesa."

Kumtesa! Dereva alichungulia atazame huyo mwenye adabu ni nani. Hakumwona mtu. Akafikiri, yuko chooni, au amejificha kwenye gari la Mwenyekiti akisubiri kuitwa. Wamemficha kama bibi harusi. Na hapo uvumilivu ukamwishia. Kuvumilia kufukuzwa angeweza, lakini kufukuzwa akiwa amejibanza nyuma ya choo, hapana, mtu ana utu wake.

Akajitokeza.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alianza, kwa sababu adabu ni adabu hata vitani. Kisha akamgeukia bosi wake. "Mama, nimesikia yote. Nimesikia tangu siku ile ya mataulo. Ungeniita tu ukaniambia usoni, Dereva, basi. Mimi nisingepiga kelele."

Mama Shuka alishtuka mpaka akasimama. "Dereva? Umefuata nini huku?"

"Nakubali navuta kulia," Dereva alisema, na sasa maneno yalikuwa yameshatoka, hayarudi. "Sikatai. Lakini kupinduka sijawahi kupinduka, mama, hapo umenionea. Na kuvuta kwenyewe si uzembe, si pombe. Ni hili jicho la kushoto. Lina ukungu. Nilidhani litajirudi, halikujirudi. La kulia ni zima kabisa, nakuapia, naendesha na hilo moja na nafika. Huyo mliyemficha hataijua barabara ya hotelini kama mimi. Nipe nafasi, mama. Nitaendesha polepole."

Upande wa pili wa bustani kisahani cha mtu kiligonga minyororo ya kikapu, watu wakashangilia.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka ndevu zikatikisika, akaingiza mkono kwenye begi, akatoa kisahani chembamba cha rangi ya chungwa, kimekwaruzika pembeni. "Bwana mkubwa," alisema, "dereva ni huyu."

Dereva alikitazama kisahani. Mwenyekiti akamweleza, huku akifuta machozi ya kicheko. Visahani vina kazi tofauti. Kile cha kuingizia kikapuni kina jina lake, cha katikati kina jina lake, na kile cha kurusha mbali kabisa, cha kukuendesha umbali wote ule, wao pale wanakiita dereva. Kila mmoja ana dereva wake anayempenda. Dereva huyo anazeeka kama watu, akizeeka anaanza kuvuta kulia, kwenye upepo anapinduka. Mia na sabini na tano ni uzito, gramu. Na kile cha Mama Shuka alichokuwa akikipenda kuliko vyote kilikuwa kimechoka, ndipo akaomba atafutiwe mwingine.

Mnaona ubaya wa mzaha? Kosa zima lilikuwa kwenye silabi chache. Mama Shuka angesema "dereva yangu imechoka", kama mtu anavyosema sahani yangu imepasuka, hata kipofu angejua kwamba kinachosemwa ni kitu. Lakini wale wa klabu walikuwa na mchezo wao wa kuviita visahani kama watu, wangu, wako, amechoka, hasikii, na mama alishazoea kusema hivyo mpaka kwenye simu, mpaka mbele ya mtu ambaye jina lake ndilo hilo. Hakuwahi kufikiri. Angefikiri nini, na moyo wake ulikuwa safi?

Dereva naye alianza kucheka. Kicheko kilimtoka chenyewe. Haondolewi! Hakuna aliyefichwa garini! Alicheka mpaka akashika ukuta wa choo.

Halafu akaona Mama Shuka hacheki.

"Jicho gani?" Mama Shuka aliuliza.

Dereva aliuachia ukuta wa choo.

"Nimekuuliza. Jicho gani lina ukungu?"

"La kushoto, mama."

"Tangu lini?"

Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Hakuna aliyemshuku. Dunia nzima hakuna aliyekuwa akimshuku, mbali na mkewe na kikombe cha chai. Siri ilikuwa salama kabisa, na yeye ameibeba mwenyewe mgongoni akaileta mpaka kwenye benchi la zege, akaimwaga mbele ya bosi na shahidi. Angelala tu garini kama Jumamosi zote, angekuwa bado na kazi.

"Tangu msimu wa mvua uliopita," alisema. "Ule wa mwanzo wa mwaka."

Mama Shuka alikaa. Aliweka mikono juu ya magoti, mikono ya mtu aliyefua sana kabla ya kuwa bosi, akaitazama. "Umenibeba mimi," alisema polepole. "Umembeba Dada wa Pasi na mtoto wake kwenda kliniki. Umepita mbele ya shule kila asubuhi. Na jicho moja."

"Mama, nafika..."

"Nisikilize! Kufika ni bahati. Ungeniambia, ningekupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Pengine ni mtoto wa jicho tu, anatolewa na mtu anaona. Mimi na wewe tumezika wote mume wangu, ulikaa na sisi mpaka mwisho. Mimi ndiye wa kufichwa?"

"Niliogopa utanitoa."

"Na sasa?"

Mama Shuka alinyoosha mkono, kiganja juu. Dereva alizitoa funguo mfukoni, akampa. Hazikuwa nzito, lakini mfuko ulibaki umelegea vibaya.

"Jumatatu unakwenda kwa daktari wa macho, kiwanda kitashughulikia," alisema Mama Shuka. "Mpaka aseme yeye, utakunja mashuka. Usukani hugusi, hata kulisogeza gari uani." Akampokea Mwenyekiti kile kisahani cha rangi ya chungwa, akakigeuza geuza bila hamu. "Nimekuja kutafuta dereva mmoja. Sasa natafuta wawili."

Hakukirusha hata mara moja siku ile. Mwenyekiti, kicheko kimemwisha, ndiye aliyewaendesha kurudi mjini. Mama Shuka alikaa mbele. Dereva alikaa nyuma kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia tangu gari linunuliwe, begi la visahani mapajani, hajui aiweke wapi miguu yake.

"Kioo cha pembeni," Mama Shuka alisema bila kugeuka. "Uliniambia kimevunjwa na watoto wa mpira."

"Nilikigonga kwenye nguzo, mama."

"Geti la hoteli."

"Mimi."

"Na yule mbuzi?"

"Mbuzi alikosea yeye."

"Dereva!"

"Mimi, mama."

Mama Shuka akaendelea hivyo, jambo moja baada ya jingine, mambo ambayo alikuwa ameyaamini yote na kuyasahau, sasa anayafukua na kuyatazama upya. Dereva alijibu kweli kila swali. Alitamani mama amtukane, amfokee, kuliko kuulizwa kwa sauti ile ya utulivu, sauti ya mtu anayekagua shuka lililorudi na doa.

Mwisho maswali yaliisha.

"Unajua mimi nilikuwa nalala?" alisema Mama Shuka. "Ukiendesha wewe nilikuwa nalala kabisa. Watu wananiuliza, unawezaje kulala garini na barabara hizi? Nawaambia, aa, dereva wangu namjua."

Dereva aligeuza uso kwenye dirisha la kushoto, ambako hakukuwa na kitu cha kuona.

Mwenyekiti aliendesha vizuri tu, kwa utulivu, gari limenyooka barabarani. Lakini Mama Shuka alishika mpini wa mlango, macho ameyakodoa mbele, na hakuyafumba mpaka nyumbani.